Je, wajua kwa nini ukielekea Everest unatakiwa kupita kushoto mwa mawe?

Njia ya kwenda kambi ya chini ya mlima Everest, nchini Nepal, ina tabia moja inayowashangaza wageni. Unatembea vizuri, ghafla njia inagawanyika mara mbili, inalizunguka jiwe kubwa lililojaa maandishi, kisha inaungana tena hatua chache mbele. Pande zote mbili zinafika kulekule. Mgeni aliyechoka huchagua upande ulio mfupi au usio na tope, na ukiwa ni wa kulia, mwongozaji wake atamwita na kumwonyesha kwa mkono: kushoto.

Jibu fupi ni kwamba kwa Wabuddha, kitu kitakatifu hupitwa kikiwa upande wa mkono wa kulia. Ukishika njia ya kushoto, jiwe linabaki kuliani kwako. Jibu refu lina mambo zaidi, na ndani yake utaona pia kwa nini kampuni za utalii huuza kupanda milima na kutembelea mahekalu kama safari moja.

Tuanze na mawe yenyewe. Huku ni Khumbu, nchi ya Washerpa, watu ambao mababu zao walivuka milima kutoka mashariki ya Tibet kama miaka 500 iliyopita wakiwa na Ubuddha wao. Mawe hayo huitwa mawe ya mani. Mengine ni majabali yaliyokuwapo hapo tangu dunia iumbwe, yakachongwa herufi za Kitibeti, herufi zikatiwa rangi nyeupe ili zisomeke kwa mbali. Mengine ni vibamba vyembamba vilivyopangwa kimoja juu ya kingine hadi vikawa ukuta. Maandishi karibu yote ni yaleyale: Om Mani Padme Hum, dua ya silabi sita ya kumwelekea Chenrezig, ambaye kwa Wabuddha wa Tibet ndiye huruma yenyewe. Hayakuchongwa kwa ajili ya pambo. Anayechonga anapata thawabu, anayelipia uchongaji anapata thawabu, na anayepita akiyaacha kuliani naye anapata yake, hata kama hajui kusoma herufi moja.

Desturi ya kulia ni ya zamani kuliko Tibet, na mizizi yake iko India hata kabla ya Buddha. Katika maandiko ya kale ya Kibuddha, mtu aliyekwenda kumsikiliza Buddha haondoki hivihivi. Humzunguka kwanza akiwa amemwelekezea ubavu wake wa kulia, ndipo akaenda zake. Baada ya Buddha kufariki, masalia yake yakawekwa ndani ya vichuguu vya udongo na matofali vinavyoitwa stupa, na watu wakaendelea kuvizunguka kama walivyomzunguka yeye. Habari ya mkono wa kulia msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa sana. Ndio tunaolia chakula na kumpa mtu kitu kwa heshima, na mtoto anayenyoosha wa kushoto anakaripiwa palepale.

Kuna na jua. Nepal iko kaskazini mwa ikweta, kwenye latitudo ya digrii 28 hivi. Mtu wa huko akitazama kusini, analiona jua likitoka kushoto kwake, linapita mbele yake na kuzama kulia. Kuzunguka stupa kwa kuliweka kulia ni kufuata mwendo huohuo wa jua, ambao ndio mwendo wa mshale wa saa, maana saa za kivuli za kaskazini ya dunia ndizo zilizoipa saa ya ukutani mwendo wake. Dar es Salaam, kwa sehemu kubwa ya mwaka, jua la mchana hupita upande wa kaskazini, na ukilitazama linakwenda kinyume.

Hapa Muislamu aliyewahi kuhiji atakuwa ameshainua nyusi. Kwenye tawafu, Kaaba huwa kushoto, na watu huzunguka kinyume cha mshale wa saa. Basi si kweli kwamba binadamu wote wakizunguka kitu kitakatifu hujikuta wanakwenda upande mmoja. Kila dini ina mpangilio wake na sababu zake, na huku Himalaya, kama tutakavyoona, wapo majirani wa Wabuddha wanaozunguka kwa kinyume na hawaoni tatizo.

Mahali ambapo kanuni hii inaonekana ikifanya kazi kwa macho ni kwenye magurudumu ya sala. Kwa umbo ni mapipa kuliko magurudumu: ya shaba au bati, yamesimamishwa kwenye mhimili, na ndani mna karatasi ndefu iliyokunjwa ikiwa imeandikwa ile dua mara maelfu. Ukilizungusha pipa mara moja, ni kama dua zote zilizomo zimesomwa. Yapo madogo yanayopangwa safu nzima ukutani, yapo makubwa yanayomzidi mtu kimo, na penye vijito yapo yanayozungushwa na maji mchana na usiku, kama unavyoyakuta unapoingia Namche, mji mdogo ulio njiani.

Sasa angalia. Safu ya mapipa ikiwa kuliani kwako, unatembea huku kiganja cha kulia kikiyapitia moja moja. Kila pipa unalisukuma mbele, uelekeo uleule unaokwenda wewe, nalo linazunguka kwa kufuata mshale wa saa. Hama uende ng'ambo, safu iwe kushoto kwako, usukume mbele vilevile: pipa linakwenda kinyume. Mwendo una maana kwa sababu juu ya pipa kuna maandishi, na Kitibeti husomwa kutoka kushoto kwenda kulia. Pipa likifuata mshale wa saa, anayelitazama huona silabi ya kwanza ikipita kwanza, kisha ya pili, mpaka mwisho. Likienda kinyume, dua inapita mkia mbele. Ni ufundi mdogo uliofikiriwa vizuri: upande unaopita, mkono unaotumia na mpangilio wa herufi vyote vinakubaliana.

Wapo wanaosema hii ndiyo sababu ya kupita kushoto hata kwenye kuta za mawe. Mimi sikubaliani nao. Ukuta ukiwa kuliani kwako, unaanza kukutana na mwisho wa mstari kabla ya mwanzo, kwa hiyo hoja ya kusoma haisimami. Kwenye mawe, heshima ya mkono wa kulia inatosha yenyewe. Mapipa ndiyo yaliyotengenezwa yakaifuata.

Jambo ninalolipenda zaidi katika desturi hii huwapita wageni wengi. Njia ya Everest, kwa watembeaji wengi, ni ya kwenda na kurudi palepale. Unapopanda unashika kushoto mwa ukuta. Unaporudi, siku kadhaa baadaye, unashika kushoto tena, ambako sasa ni ule upande mwingine. Kwa hiyo kila ukuta, kila jabali na kila stupa kutoka Lukla, pale safari ya miguu inapoanzia, hadi juu umeizunguka duara kamili, nusu wakati wa kupanda na nusu wakati wa kushuka. Mtalii anadhani amekwenda kuona mlima akarudi. Kwa hesabu ya Washerpa, amefanya ziara ya mahali patakatifu, hata kama muda wote alikuwa anafikiria supu ya kitunguu saumu na kitanda.

Na kwa nini mahekalu yanaingia vizuri kwenye ratiba ya kupanda? Sababu ni hewa. Kambi ya chini ya Everest iko mita 5,364 juu ya usawa wa bahari, na huko kila pumzi inaingiza oksijeni karibu nusu tu ya ile unayoipata pwani. Mwili unaweza kuzoea, lakini unataka muda. Ukipanda haraka, kichwa kinauma, chakula hakipiti, na ukikaidi, maji yanaweza kujaa kwenye mapafu au ubongo ukavimba, na hayo yanaua. Ushauri wa madaktari wa milimani ni kwamba ukishavuka mita 3,000, mahali pa kulala pasizidi pa jana kwa zaidi ya mita 500, na kila baada ya siku tatu au nne ulale tena palepale.

Waliopanda Kilimanjaro wanaijua kanuni hii kwa jina la "panda juu, lala chini". Kwa njia ya Machame unapelekwa hadi Lava Tower, kama mita 4,600, halafu unashushwa kulala Barranco. Tofauti ni kwamba ukishavuka geti la Kilimanjaro huoni tena kijiji. Khumbu watu wanaishi hukohuko juu, wanalima viazi na kufuga yaki, yaani ng'ombe wa milimani wenye manyoya marefu, na mahekalu yao yako karibu na njia. Ile siku ya kuzoea mwinuko ambayo ungeimaliza umekaa hemani, hapa inakuwa siku ya kutembelea.

Namche, mita 3,440, ndipo watu wengi hulala usiku wa ziada. Mchana mwongozaji anakupandisha hadi Khumjung, kama mita 3,800, na jioni unarudi kulala chini. Khumjung kuna hekalu ambalo ndani ya kasha limetunzwa kitu kinachosemwa kuwa ni ngozi ya kichwa ya yeti, yule mtu-mnyama wa theluji. Mwaka 1960 Edmund Hillary, ambaye pamoja na Tenzing Norgay alikuwa wa kwanza kufika kilele cha Everest tarehe 29 Mei 1953, aliiazima ngozi hiyo ikapelekwa Chicago, Paris na London. Wataalamu wakaona ni ngozi ya serow, mnyama wa jamii ya mbuzi. Ikarudishwa, na mpaka leo iko kwenye kasha lake. Mwaka uliofuata Hillary akawajengea wanakijiji shule.

Baada ya Namche inakuja Tengboche, mita 3,860 hivi, nyumba ya watawa iliyo mashuhuri kuliko zote za Khumbu. Ilianzishwa mwaka 1916. Tetemeko la 1934 likaiangusha, ikajengwa upya. Mwaka 1989 ikaungua kwa hitilafu ya umeme, na umeme wenyewe ulikuwa mgeni pale. Ikajengwa tena, ikafunguliwa 1993. Ukifika mchana unaweza kuingia kusikiliza watawa wakisoma, kwa sharti uvue viatu, ukae pembeni na usipige picha bila kuuliza. Miezi ya Oktoba na Novemba, kulingana na kalenda ya mwezi, kuna sikukuu ya Mani Rimdu, ambapo watawa hucheza wakiwa wamevaa vinyago. Mbele kidogo ni Pangboche, hekalu la zamani kuliko yote ya eneo hilo, ambalo nalo lilikuwa na mkono wa "yeti" mpaka ulipoibiwa miaka ya 1990. Kidole kilichochukuliwa miaka ya 1950 kilipopimwa vinasaba mwaka 2011, kikaonekana ni cha binadamu.

Kutoka hapo kwenda juu mahekalu yanapungua na mawe yanabaki. Dingboche, mita 4,410, unalala tena usiku wa ziada. Huko juu vipo pia vibendera vya rangi tano, daima kwa mpangilio mmoja: buluu, nyeupe, nyekundu, kijani, njano, yaani anga, upepo, moto, maji na ardhi. Vimeandikwa dua, na kazi ya kuzisambaza ni ya upepo. Kibendera kilichochakaa hakijatelekezwa, kimetumika. Usikikanyage tu.

Kuna wakati kanuni ya kushoto inawekwa kando. Msafara wa yaki ukitokea, umebeba mitungi ya gesi na magunia ya mchele, unasimama upande wa mlima, usisimame upande wa korongo, na hapo hakuna atakayekuuliza kushoto au kulia. Yaki haoni haya kumsukuma mtu, na watu wamewahi kuanguka hivyo.

Mwaka 2023 serikali ya Nepal ilitangaza kwamba mgeni asitembee milimani bila mwongozaji mwenye leseni, ingawa halmashauri ya Khumbu ilikataa kuitekeleza amri hiyo kwake. Njia ya Everest yenyewe ni vigumu kupotea. Lakini bila mwenyeji utayapita mawe kumi bila kujua umepita nini.

Na kama utakwenda Dolpo, magharibi ya Nepal, usiibebe kanuni hii kichwani ukaitumia kila mahali. Huko, kwa mfano katika kijiji cha Ringmo kando ya ziwa Phoksundo, wapo wafuasi wa Bon, dini ya Tibet ambayo inadai kuwapo kabla ya Ubuddha. Mahekalu yao kwa macho ya mgeni yanafanana sana na ya Wabuddha, yana watawa, yana stupa, yana magurudumu ya sala. Wao huzunguka kinyume cha mshale wa saa, na kitu kitakatifu hukaa kushoto kwao. Dua yao pia ni nyingine: Om Matri Muye Sale Du. Kwa hiyo ukilikuta jiwe huko, muulize kwanza mwongozaji ni la nani, ndipo uchague upande.