Je, wajua kwa nini dishi hukata picha masika yakishika?

Mwezi wa Mei hapa Mombasa, mvua ikianza kupiga mabati ya Kisauni, hukosi kusikia mtu akimwita kijana wa nyumba: "Hebu panda juu ukaligeuze hilo dishi!" Asipande. Dishi halijasogea hata kidogo. Likigeuzwa, mvua itakatika na picha isirudi, kisha fundi aitwe kurekebisha kitu ambacho hakikuwa kibovu.

Lawama hubebeshwa wingu au radi, lakini mla nguvu hasa ni tone la maji. Setilaiti ya televisheni iko kilomita 35,786 juu ya ikweta, na mawimbi yake hutufikia yakiwa hafifu mno. Karibu safari yote hiyo hayakumbani na kizuizi, mpaka kilomita 5 hivi za mwisho, mvua inakoanzia. Mawimbi hayo, ya gigahezi 12 hivi (mitetemo bilioni 12 kwa sekunde), yana urefu wa sentimita 2.5 tu, na tone nene lina upana wa milimita kadhaa. Si mbali sana kwa ukubwa, basi kila tone hupokonya kidogo: sehemu ya nguvu hugeuka joto ndani ya maji, sehemu hutawanyika ovyo. Wimbi la redio ya FM lina urefu wa mita 3 hivi, tone kwake si chochote. Ndiyo maana redio ya jikoni huendelea na taarabu yake huku sebuleni kioo ni cheusi.

Rasharasha haina neno. Shida ya tropiki ni mvua ya kumwaga, matone manene na mengi kwa mpigo. Ajabu ni kwamba tuna nafuu moja: tuko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta, hivyo setilaiti iliyo longitudo ya nyuzi 36 mashariki, kwa mfano, iko karibu utosini, na wimbi hushuka wima likavuka mvua kwa njia fupi. Kule London dishi huinama, wimbi hupita mshazari. Hata hivyo masika yetu huishinda nafuu hiyo.

Enzi za analojia picha ilijaa chenga, ukaendelea kutazama hivyo hivyo. Dijitali huvumilia, huvumilia, ikavunjika vipande, ikazima.

Mvua ikiisha na picha bado haijarudi, sasa panda, uangalie kama maji yameingia pale waya unapoungana na kichwa cha dishi.