Neno "mshtuko" limetupotosha

"Mzee asiambiwe, atashtuka." Kauli hii, wanayoitoa ndugu wa mzee aliyewahi kupata mshtuko wa moyo, nimeichoka. Mdogo wake kafariki Kasulu, kashazikwa, arobaini inakaribia, naye yuko barazani Ujiji anaambiwa simu ya nduguye haipatikani.

Kosa linaanzia kwenye jina. Tunasema mshtuko wa moyo, basi watu wanadhani moyo ulishtuka. Haukushtuka. Mafuta yaliyojengeka miaka mingi ndani ya mshipa wa moyo yalipasuka, damu ikaganda hapo, sehemu ya msuli wa moyo ikakosa hewa. Sehemu hiyo huacha kovu, nalo hukomaa wiki 6 hadi 8. Aspirini ya kuzuia damu kuganda na statini ya kupunguza mafuta kwenye damu zisikatizwe bila daktari.

Ndugu hawajakosea kabisa: msiba mzito huweza kuchochea shambulio, yaani mshtuko huo wa moyo, hasa siku za mwanzo. Lakini ukifichwa, ipo siku atausikia kwa bodaboda, akiwa peke yake, na juu ya msiba kuna uchungu wa kufanywa mtoto. Mwambieni akiwa ameketi, ameshameza dawa, na ile ya kuweka chini ya ulimi kifua kikibana, kama anayo, iwe karibu. Aseme mtu mmoja anayemwamini, na neno "amefariki" litamkwe. Mtu abaki naye hadi usiku. Kifua kikibana kisiachie dakika 5 baada ya dawa hiyo ya chini ya ulimi, hospitali.

Kinachoniumiza zaidi ni kile kiti cha barazani. Mzee kapokonywa jembe, funguo za duka, hata kuchinja kuku. Asiye na kazi huanza kuusikiliza moyo wake. Mtazameni: vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, midomo inahesabu, usiku anamwamsha mkewe kwamba pigo moja limeruka. Anaogopa, anazidi kukaa. Miguu inalegea. Siku akiinuka pumzi zinamkatikia, naye anaamini moyo umekwisha, kumbe ni miguu iliyolala. "Jikaze, baba" haimtoi hapo. Humtoa mwili wake mwenyewe, ukimwonyesha kwamba jana alitembea na leo yupo.

Daktari akishamruhusu, aanze dakika 5 tambarare, asubuhi na jioni, aongeze dakika moja moja hadi 30. Akitembea, aweze kuzungumza bila kukata sentensi. Akishindwa, apunguze mwendo. Hapa Kigoma, mlima wa kutoka stesheni kwenda Mwanga usubiri. Mvuvi wa Kibirizi aanze kwa kupokea na kuuza migebuka. Kuvuta nyavu baadaye, na asibane pumzi.

Karibu mmoja kati ya watano waliopata mshtuko wa moyo hupata sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito. Wiki 2 bila hamu, bila usingizi, dawa zinaachwa: mleteni kliniki. Utafiti wa ENRICHD wa Marekani, 2003, uliwatibu wagonjwa wa moyo kwa mazungumzo. Sonona ilipungua, vifo havikupungua. Kwa hiyo siwaahidi kwamba tiba hii itazuia shambulio la pili. Ninaitoa kwa sababu sonona yenyewe inamtesa mtu. Sertralini, dawa ya sonona, inafaa kwa wengi wao. Mkiandikiwa amitriptilini, dawa nyingine ya sonona inayoweza kuvuruga mapigo ya moyo, kabla hamjatoka chumbani mwambieni daktari kwamba mzee ameugua moyo.