Buibui wa mionzi kapitwa na wakati, mbona stori bado ipo?

Kwenye mabanda ya video Chang'ombe na hosteli za UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) ubishi wa masupahiro hauishi, na kuna mambo watu wanayasema kwa kujiamini kabisa ila sio kweli. Acha niyaweke sawa maana hizi stori nazipenda sana.

Dhana: Stori ya supahiro alivyopata nguvu haijawahi kuguswa.

Ukweli: Inaguswa sana tu, ila kinachobadilishwa ni sayansi. Superman wa 1938 alikuwa hapai, alikuwa anaruka tu kwa miguu, na walisema watu wa sayari yake wametuzidi kimaumbile, baadae ikawa ni mambo ya mvutano wa sayari, baadae tena jua letu la njano. Iron Man kwenye komiki ya 1963 alitekwa Vietnam, muvi ya 2008 ikampeleka Afghanistan. Spider-Man wa 1962 kang'atwa na buibui mwenye mionzi, muvi ya 2002 ikaleta buibui aliyechezewa jeni, na watu wakajaa sinema kama kawaida.

Sasa kwenye stori ya Spider-Man jaribu kumtoa yule mwizi uone. Peter, ndo Spider-Man mwenyewe, tayari ana nguvu, mwizi anapita mbele yake, polisi anapiga kelele mzuie huyo, Peter hata hajisumbui, mwizi anaingia kwenye lifti anasepa, halafu ni huyohuyo anakuja kumuua mjomba Ben aliyemlea. Ukifuta hapo unabaki na dogo anayepanda ukuta, basi. Mashabiki wanalinda ile hatia ya Peter, buibui mnaweza kumfanya mnavyotaka.

Dhana: Waliandika mionzi kwa sababu enzi hizo hawakujua madhara yake.

Ukweli: Walijua vizuri, Hiroshima na Nagasaki ilikuwa 1945. Marekani na Wasovieti walikuwa wanajaribu mabomu ya nyuklia, Aprili 1961 Gagarin akaenda anga za juu, mwaka huohuo Fantastic Four, kundi la masupahiro wanne, wakapigwa na miale ya angani, 1962 Hulk akapigwa na bomu la gamma. Yaani walichukua kitu ambacho kila mtu alikuwa anakiogopa. Na kwa sisi wa huku, ambao Bahi na Manyoni wamekuja watu kutafuta urani, madini yenye mionzi, hili tulishike jamani: mionzi haimpi mtu nguvu, inaharibu DNA ya seli, ndo maana hospitali wanailenga kwenye uvimbe wa saratani ili iziue zile seli.

Dhana: Sayansi ikizeeka, stori nayo imekufa.

Ukweli: Mwangalie Batman. Alitoka Mei 1939, Novemba ndo tukaambiwa kwa nini yuko vile: mtoto kaona baba na mama wakiuawa na jambazi mtaani, akaapa kupambana na wahalifu maisha yake yote. Hakuna mionzi, hakuna jeni, na ndo chanzo ambacho kimehitaji marekebisho machache kuliko vyote nilivyotaja hapo juu.