Jimbo la mapichi linaishi kwa karanga na pamba

Georgia, kusini mwa Marekani, hujiita Jimbo la Pichi. Tunda hilo, ambalo wengine wetu tunaliita fyulisi, limechorwa hata kwenye vibao vya namba za magari. Basi watu hudhani ndilo linalowaingizia wakulima wa huko fedha nyingi zaidi. Sivyo.

Kwa mapichi, California huongoza kwa mbali, na hata South Carolina, jirani wa Georgia, kwa kawaida huvuna mengi kuliko Georgia. Mazao makubwa ya Georgia ni pamba na karanga. Takriban nusu ya karanga zote za Marekani hutoka huko. Rais Jimmy Carter mwenyewe alikuwa mkulima wa karanga, katika mji mdogo wa Plains. Bluberi nazo zimeyapita mapichi kwa thamani. Na tukihesabu mifugo, kuku wa nyama wanayaacha mazao yote nyuma.

Jina lilitoka wapi, basi? Miaka ya 1870, mkulima Samuel Rumph wa Marshallville, Georgia, alikuza pichi aliloliita Elberta, jina la mkewe. Lilivumilia safari ndefu ya treni, likafika masoko ya New York likiwa zima. Sifa ikaenea, ikabaki.

Ila mti wenyewe ni mgumu kuridhisha: unataka baridi ya kutosha wakati wa kipupwe, kisha hautaki jalidi (umande ulioganda) ukishachanua. Mwaka 2023 baridi haikutosha, kisha jalidi ikaja miti ikiwa imechanua, na zaidi ya asilimia 90 ya mapichi ya Georgia yakapotea.