Dirhamu au shilingi? Wa kuchagua ni wewe, si muuzaji

Mie kazi yangu benki ni malalamiko ya kadi, na wenzetu mnaofata mizigo Dubai ndo nnaowaona sana. Juzi kaja mama mmoja ana duka Darajani, katandaza risiti mezani kwangu akawa anaipiga pasi kwa kiganja maana ilishakunjika kunjika, ananambia "mwanangu, bei tumepatana kwa dirhamu, hizi shilingi katia nani?" Nikamuonesha chini kabisa, maandishi kama sisimizi, pameandikwa kuwa mteja kachagua mwenyewe kulipa kwa shilingi. Hakuchagua chochote, muuzaji ndo kabonyeza.

Iko hivi, kadi ya nchi nyengine ikiingia kwenye mashine, mashine inaweza kuuliza ukatwe kwa pesa ya pale au ya kwenu, sasa ukikubali ya kwenu anaebadilisha pesa si benki yako tena, ni upande wa muuzaji, kwa rate yao na cha juu wanachojiwekea wenyewe. Cha juu kikiwa asilimia 5 tu, mzigo wa milioni 4 ushakula laki 2, hiyo nauli ya boti Dar kwenda na kurudi na chenji unapata!

Kanuni za Visa na Mastercard zinamtaka muuzaji akuulize, akuoneshe rate na makato kabla hujaweka namba ya siri. Kwa hiyo iombe mashine uishike, soma kioo, chagua pesa ya pale ulipo. Kashakosea? Mwambie afute muamala aanze upya, usione haya.

Na nyie wenye maduka Mji Mkongwe na mahoteli Nungwi, mgeni wa Uingereza ana haki hiyo hiyo, msimbonyezee. Kama mnaongeza asilimia kwa anaelipa kwa kadi basi asikie kabla hajaagiza, si kashamaliza kula pweza wake ndo anaambiwa, inatuharibia jina visiwa vyetu. Zile namba 3 za nyuma ya kadi msiziandike daftarini, hairuhusiwi kuziweka.

Ukishakatwa, piga picha risiti siku hiyo hiyo maana wino unafutika, na uje benki yako mapema, madai mengi ya kadi mwisho wake siku 120. Benki ikikuzungusha, Benki Kuu wana dawati la malalamiko na tawi lao lipo hapa hapa Unguja. Ya yule mama nishatoa kopi, na madai yake tushayapeleka.