Sanamu za Ugiriki na Roma hazikuwa nyeupe

Vitabuni na makumbushoni, sanamu za Wagiriki na Warumi wa kale huonekana nyeupe pe, na wengi huamini zilichongwa zibaki hivyo. Sivyo. Zilipakwa rangi: nywele, midomo, macho, hata pindo za nguo.

Sanamu ya Kaisari Augusto iliyofukuliwa Prima Porta, karibu na Roma, mwaka 1863, ilikutwa na mabaki ya rangi nyekundu na buluu. Buluu yenyewe, iliyoanzia Misri, ilipikwa kwa mchanga, chokaa na shaba. Chembe zake hung'aa kwenye kamera ya infraredi hata pale ambapo jicho halioni kitu.

Jua, mvua na karne nyingi ardhini viliziondoa rangi hizo. Binadamu naye alichangia: miaka ya 1930, wafanyakazi wa British Museum waliikwangua baadhi ya michongo ya Parthenon, hekalu la kale la Athens, kwa vyombo vya shaba ili iwe myeupe.

Kinachoniuma ni kwamba wabaguzi waliugeuza weupe huo kuwa kipimo cha uzuri wa mwanadamu, ilhali Wagiriki wenyewe walimlipa fundi aufunike.