Kabla hujanunua vitabu: yasemwayo Mombasa kuhusu kumsomesha mtoto nyumbani

Tangu nimtoe mwanangu wa pili katika shule ya serikali akiwa Gredi ya 5, swali ninaloulizwa zaidi hapa kibarazani kwetu Kisauni ni moja: "Ulinunua vitabu gani?" Hakuna anayeuliza atafanya mtihani gani, wala nani atamsajili. Nami sikujiuliza. Nilikimbilia vitabu kama mtu anunuaye tanga kabla hajajua chombo chake ni dau au ni ngalawa. Haya ndiyo maneno ninayoyasikia, na yale niliyokuja kuyajua, mengine kwa hasara.

"Mtoto ni wangu, serikali haihusiki."

Inahusika, na hili lisemwe mwanzo. Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria shule, na asiyefanya hivyo bila sababu ya maana anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 100,000 au kufungwa hadi mwaka mmoja. Mwaka 2019 mzazi mmoja wa magharibi mwa Kenya alikamatwa kwa kuwasomesha watoto wake nyumbani. Alipokwenda Mahakama Kuu kudai ni haki yake, ombi lake likatupwa.

Pamoja na hayo, familia zinazosomesha nyumbani zipo, Nairobi na hapa Mombasa. Baadhi humsajili mtoto katika shule au kituo kilichosajiliwa, jina lake likawa rejistani huku masomo mengi akiyafanya nyumbani. Ukiifuata njia hiyo, omba kuonyeshwa cheti cha usajili chenyewe, usiridhike na bango la getini. Mtafute wakili umlipe saa moja ya ushauri. Na usimwondoe mtoto kimyakimya: mwage mwalimu mkuu kwa barua, chukua ripoti zake zote, na uandike mahali nambari yake katika mfumo wa serikali wa kusajili wanafunzi. Ile nambari utaitaka siku akirudi.

"Mtaala ni vitabu."

Hapa ndipo tulipopotea wengi. Mtaala ni maelezo ya nini mtoto ajue na kwa mpangilio gani. Kitabu ni chombo cha kuufikia, nao mtihani ni mlango wa kutokea. Kwetu Kenya, mtaala hutungwa na KICD, vitabu huandikwa na wachapishaji mbalimbali, na mtihani husimamiwa na KNEC. Mzazi anaweza kubadilisha kitabu kila muhula bila kuugusa mtaala. Anaweza pia kununua kabati zima la vitabu na bado hana mtaala. Miongozo ya KICD inapatikana bure kwenye tovuti yao, gredi kwa gredi, somo kwa somo. Nilitumia pesa nyingi kabla sijajua hilo.

"Nitafuata CBC hapa nyumbani, mtihani ukifika ataufanya kama wenzake."

Laiti ingekuwa hivyo. CBC, mtaala wa umilisi wa shule za serikali, ndiyo rahisi zaidi kuianza nyumbani. Vitabu vimejaa mjini, bei yake inajulikana, binamu yake ana daftari la mwaka jana, na wewe mwenyewe unaelewa lugha yake. Ugumu uko mwisho.

Zamani palikuwa na KCPE, mtihani mmoja mwishoni mwa darasa la 8. Uliofanywa 2023 ndio uliokuwa wa mwisho. Sasa mtoto hufanya KPSEA akiwa Gredi ya 6, kisha KJSEA akiwa Gredi ya 9, ambao kundi la kwanza liliufanya 2025. Alama zinazompeleka sekondari ya juu hazitoki katika karatasi za KJSEA peke yake. Mtihani huo una asilimia 60. Asilimia 20 zinatoka KPSEA, na 20 nyingine zinatoka katika tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8. Kwa hivyo alama 40 katika kila 100 zimeshakusanywa kabla ya mtoto kukalia kiti cha KJSEA, na anayezipeleka kwa KNEC ni shule. Mama akiwa na meza yake ya jikoni hana pa kuziingiza.

Ndiyo maana nikiambiwa na shoga yangu kwamba atamfundisha binti yake CBC mpaka Gredi ya 9, jibu langu ni swali: jina lake litakuwa katika shule gani? Akiwa na jibu, CBC ni chaguo zuri, tena la bei nafuu. Akiwa hana, bora atafute mlango mwingine mapema. Sisi lango la KPSEA lilitupita, na kwa hiyo mwanangu anaelekea IGCSE, mtihani wa kimataifa wa Uingereza.

"Mtaala wa Kiingereza ni wa watoto wa Nyali."

Ada za shule zinazoufundisha ndizo za Nyali, mtaa wa wenye mali. Mtaala wenyewe hauna mtaa. Mitihani ya Cambridge na ile ya Pearson Edexcel, bodi za mitihani za Uingereza, inaweza kufanywa na mtahiniwa wa binafsi, yaani mtoto asiye mwanafunzi wa shule ile, mradi kituo cha mtihani kikubali kumsajili. Mtahiniwa hulipia kila somo peke yake, na hapo ndipo pana nafuu: si lazima afanye masomo yote kwa mpigo. Cambridge wana misimu ya Mei/Juni na ya Oktoba/Novemba, kwa hiyo waweza kufanya matatu sasa na mengine baadaye kadiri mfuko unavyoruhusu. Usajili hufungwa miezi kadhaa kabla ya mtihani, na anayekumbuka wiki za mwisho hulipa ya kuchelewa au hukosa kabisa.

Wengi huogopa sayansi kwa sababu nyumbani hakuna maabara. Kwa fizikia, kemia na biolojia za IGCSE, Cambridge wana karatasi ya maandishi inayoweza kushika nafasi ya jaribio la maabara. Mtoto huulizwa jinsi ya kupima, kuchora grafu na kuona kosa lilipo. Hili halimaanishi asishike chupa wala kipimajoto, maana asiyewahi kupima kitu atajibu kwa kukisia.

Lipo jambo ambalo wauzaji wa vitabu hawalitaji. IGCSE peke yake kwa kawaida haimfikishi mtoto chuo kikuu. Baada yake kuna A Level au kozi ya msingi ya kujiandaa, nazo zina gharama zake. Pia KUCCPS, inayogawa nafasi za vyuo vikuu kwa udhamini wa serikali, imejengwa juu ya matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari. Mwenye cheti cha nje huomba moja kwa moja chuoni, na cheti chake huenda kikahitaji kupelekwa KNQA, mamlaka ya taifa ya sifa za elimu, kilinganishwe na vya hapa. Piga hesabu mpaka mwisho, si mpaka kitabu cha kwanza.

"Mitaala ya nje itamsahaulisha kwao."

Ukiiachia, itamsahaulisha. Vitabu vya Marekani vitampa hesabu za inchi na dola, na karibu vyote vitamfundisha majira manne ya mwaka, theluji ikiwemo. Mtoto wa hapa anajua kaskazi na kusi. Anajua maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kwamba saa hizo husogea kama dakika 50 kila siku. Anajua wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, tofauti ya maji hufika karibu mita 4. Hiyo ni sayansi ya mwezi na jua, nje ya dirisha, bila malipo. Wangu anaweka jedwali la maji ukutani na anamkosoa ami yake mvuvi, ingawa bado hajashinda hata mara moja.

Kiswahili nacho si lazima kiachwe. Cambridge wana IGCSE ya Kiswahili na ya Kiarabu pia. Kosa la wazazi ni kudhani mtoto anayezungumza Kimvita nyumbani hahitaji kufundishwa kuandika. Insha ya kwanza ya mwanangu ilikuwa kama ujumbe wa simu, hata nukta haina.

"Vile vijitabu vya ACE, mtoto anajisomea mwenyewe, mama anapumzika."

ACE (Accelerated Christian Education) ni mtaala wa Kikristo wa Marekani, ulioanzia Texas mwaka 1970. Masomo yamegawanywa katika vijitabu viitwavyo PACE, kwa kawaida 12 kwa kila somo kwa mwaka, na mtoto haendelei mpaka apate angalau asilimia 80. Kabla ya kuanza hupewa jaribio la kupima mapengo yake, jambo ninalolipenda sana. Mtoto anayependa kusoma kimya hufurahi. Wangu alisinzia kwenye kijitabu cha pili.

Familia za Kiislamu za Majengo na Mji wa Kale zifahamu kwamba mafundisho ya Kikristo hayako katika somo la dini tu. Yamefumwa katika sayansi, historia, hata mifano ya sarufi. Kwa familia ya Mikindani inayotaka hivyo hasa, hiyo ndiyo sifa yake. Kwa mtoto anayetoka hapo kwenda chuo cha Kurani jioni na juzuu yake mkononi, mzazi ajue anachokinunua. Fungua kijitabu cha sayansi usome kurasa kumi kabla ya kulipa. Na mama hapumziki: nani atasahihisha?

"Aliachia Gredi ya 5, basi tuanze Gredi ya 5."

Hili lilinigharimu. Nilinunua seti nzima ya hesabu kwa mama aliyekuwa akihama, ya kiwango kilekile alichoachia. Wiki ya tatu tulikuwa tunalia wote wawili. Kumbe sehemu hakuzielewa tangu Gredi ya 3. Alikuwa akinakili tu, na katika darasa lenye watoto wengi vile, mwalimu angemgunduaje?

Tulivifungia vitabu, tukaingia jikoni. Nyanyake akatoa kibaba. Vibaba vinne ni pishi moja. Basi kibaba ni kitu gani cha pishi? Unga wa mahamri ukipungua nusu kibaba, umepungua sehemu gani ya pishi? Ilichukua takriban mwezi. Tuliporudi kitabuni tulianzia Gredi ya 3 katika hesabu, huku Kiingereza akikisoma cha Gredi ya 6. Hakuna sheria inayosema masomo yote yatembee kwa gredi moja. Mpime kwanza kwa karatasi za majaribio, halafu ndiyo ununue, tena kitabu kimoja kimoja.

"Lazima asome kwa muda wa saa nane kama shuleni."

Hapana. Sisi tunaanza saa moja asubuhi kabla joto halijapanda, na saa nne tumemaliza mazito. Mmoja kwa mmoja, muda wa saa tatu ni mwingi.

"Atakosa wenzake."

Hapa Mombasa? Pana chuo, pana mpira wa ufukweni, na arusi kila wikendi. Anayekosa wenzake ni mama.

"Ukishachagua huwezi kugeuka."

Mpaka umri wa miaka 12 hivi, waweza kubadilisha mtaala bila hasara kubwa. Ugumu huanza anapoingia kozi ya mtihani, maana ya IGCSE huchukua kama miaka miwili na kila bodi ina silabasi yake. Anayewaza kumrudisha mtoto shule ya serikali, afanye hivyo kabla ya Gredi ya 6 ili KPSEA isimpite.

Muhula huu tumebaki na masomo manne: hesabu, Kiingereza, sayansi na Kiswahili. Mengine anayapata kwa kusoma na kutembea. Mwezi jana tulishinda Fort Jesus, akahesabu miaka tangu Wareno waanze kuijenga 1593. Mtihani wake wa kwanza bado miaka mitatu. Kituo cha kumsajili nimeshakipigia simu mara mbili.